Mifuko ya Dada Yake Mama Furaha

Nyinyi vijana mnaokuja stoo siku za Jumamosi mmeniomba niwaandikie namna ya kupanga vifaa, kwa kuwa magoti yangu yamegoma kupanda ngazi na sasa nashinda nyumbani. Haya. Glavu zikae chini. Ni nyepesi, lakini zikiporomoka zinaporomoka zote. Magongo yafungwe kwa jozi, la sivyo mtakuta moja limeondoka na mtu aliyehitaji mawili. Tarehe ya mwisho ya matumizi isomwe na watu wawili, na angalau mmoja wao awe amevaa miwani. Kiti cha magurudumu kisitoke getini kabla mmoja wenu hajakikalia akazunguka nacho uani. Kuna kimoja kililetwa kutoka kwa matajiri wa Sandton kinang'aa kama kipya, kumbe kilikuwa kinajua kwenda kushoto tu.

Na msipokee kitu kwa sababu tu kimetolewa bure. Kliniki moja ya watu wenye nazo ilitupa katoni nzima ya vile viatu anavyovaa mtu juu ya plasta akivunjika mguu. Tulishukuru, tukapiga na picha. Tulipofungua, vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Sista Nomsa, mama aliyeianzisha stoo yenyewe, alikaa juu ya katoni akasema, "Sharp, hakuna neno. Atakayevunjika wa kulia, mwambieni asubiri."

Hayo ndiyo mliyoyaomba. Ila kuna kona moja kule nyuma, karibu na sinki, ambayo nimeona mnaipita haraka. Mmoja wenu aliniuliza siku moja, "Mzee Rajabu, hii mifuko ni ya nini?" Nilipomweleza akasema "Eish!" akarudisha boksi kama limemuunguza. Sikumlaumu. Mimi nimehangaika na kona hiyo kuliko nyinginezo zote, na mpaka leo masikio yangu hupata moto nikiitaja.

Basi nitaitaja. Kuna watu ambao utumbo wao umeharibika, kwa saratani au kwa kisu au kwa risasi, na daktari akalazimika kukata na kuutoa mwisho wake nje, pembeni mwa kitovu. Pale panabaki kitundu chekundu, laini kama ndani ya shavu, na haja kubwa hutokea hapo. Haiombi ruhusa. Kwa hiyo mtu hubandika tumboni sahani ndogo ya gundi, na juu ya sahani hupachika mfuko. Akiwa na mfuko mzuri atafanya kazi, ataswali, atapanda teksi. Akiwa hana, atakaa chumbani na mlango ufungwe.

Najua hivyo kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nilikuja Johannesburg kijana kutoka Tanga, nikawa dereva wa lori la kuhamisha samani za watu. Siku moja nikiwa nimeshika upande mmoja wa friji, tumbo lilinikata nikaanguka palepale kwenye ngazi za watu. Utumbo ulikuwa umejisokota. Nilipozinduka hospitali nilikuta nimeshatengenezwa hivyo, na baadaye wakaniambia kurudisha kama zamani haiwezekani. Walinipa mifuko michache ya kuanzia. Nikirudi kuomba mingine, mara ipo, mara haipo. Muuguzi mmoja alinivuta pembeni akaniambia kuna mwenzao mstaafu, anakaa mtaa wa Observatory, ana gereji iliyojaa vitu vinavyobaki kwenye hospitali za binafsi na kwenye nyumba za waliofariki. Anavigawa kwa wakimbizi. Nenda, akasema, hafukuzi mtu.

Nilipanda kilima cha mtaa ule nikisimama kila baada ya nyumba chache. Getini akatoka mama mnene, Sista Nomsa mwenyewe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Nimetumwa na ndugu yangu," nikasema. "Ndiye anayetumia mifuko."

"Kitundu chake kina upana gani?"

Sikujua. Sikujua kama huwa kinapimwa.

Akanipa kikadi chenye matundu ya ukubwa mbalimbali. "Basi mpime," akasema. "Choo kile pale, cha uani. Kama ndugu yako yumo humo ndani, mimi nitamsubiri."

Nilitembea hadi kile choo nikiwa sioni mbele. Nilipotoka nikamtajia kipimo bila kumtazama usoni, naye hakunitazama; alikuwa ameshageuka anachagua maboksi. Siku ile ndipo alipoanza kunifundisha kazi, ingawa sikujua kuwa ni kazi. Alinionyesha kwamba sahani ya kampuni hii haikubali mfuko wa kampuni ile, hata kama kwa macho zinafanana. Alinionyesha kukata tundu la sahani na kulainisha ukingo kwa kidole usije ukachana ngozi.

Aliposikia nimepoteza kazi ya lori, akaniuliza kama bado naweza kuendesha gari. Nikamwambia naweza, lakini kuna jambo linanikera: mimi si mkimbizi, nilikuja kutafuta maisha tu, na hii mifuko ni ya watu waliokimbia vita. Naona aibu kula fungu lao.

"Bhuti, ndugu yangu," akasema, "hilo tumbo lako, lilipojisokota, liliuliza una karatasi gani?"

Ndivyo nilivyoshika usukani wa kile kigari cheupe cha stoo. Nilikusanya kwenye hospitali, kwenye nyumba za wazee, kwenye nyumba za wafiwa. Nilifanya makosa yote ambayo nawakataza nyinyi. Niliacha maboksi garini juani nikaenda kula, nikarudi nikakuta gundi imeyeyuka, sahani zote zimeshikana kama chapati zilizofunikwa zikiwa moto. Sista Nomsa hakupaza sauti. Aliziweka mezani akaanza kuzibandua, na mimi nikasimama pale natamani anipige.

Lakini hakuna mtu mwingine aliyejua habari ya tumbo langu. Niliwahudumia Wakongo na Warundi na Wasomali kwa miaka, nikiwaeleza namna ya kubandika na kubandua, na wote waliamini nilisomea. Nilipotatizwa na jambo la ibada, nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu nikamwambia nina rafiki yangu mwenye maradhi ya namna hii. Je, sala yake inafaa? Sheikh akanieleza vizuri kwamba mwenye udhuru hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, kisha huswali kama wenzake, na kinachomtoka bila hiari yake hakimharibii. Nikashukuru. Nilikuwa nimeshafika kwenye viatu aliponiita.

"Rajabu. Mwambie na huyo rafiki yako aache kusimama safu ya nyuma karibu na mlango. Huku mbele kuna nafasi."

Nikasema nitamwambia. Nilibaki safu ya nyuma.

Sasa nije kwa Mama Furaha.

Alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, ana meza yake sokoni Yeoville, anashona vitenge na kurekebisha sare za walinzi. Alipokuja stoo mara ya kwanza, manukato yake yaliingia kabla yake. Manukato mengi hivyo mchana wa joto yalinieleza kila kitu, maana na mimi nilikuwa na chupa yangu mfukoni.

"Bonjour, Papa. Niko na dada yangu, ye ndiye mgonjwa. Amenituma."

"Karibu, Mama. Dada hajambo?"

"Yuko vizuri. Anasikia tu haya."

"Ana kipimo chake?"

Alikuwa nacho, kimechorwa kwa chaki ya ushonaji kwenye kipande cha kitambaa, duara safi kabisa. Nikampa mifuko ya aina iliyokuwapo. Ilikuwa mizuri, na ilimkaa. Akawa anakuja kila akiishiwa, na kila akija dada yake alikuwa na maswali.

"Dada yangu anauliza, ngozi ikianza kumuwasha pembeni, anafanya namna gani?"

"Aioshe kwa maji matupu, asitumie sabuni ya manukato. Kuna rafiki yangu ana hali hiyohiyo, huwa anaipasha moto ile sahani kati ya viganja kabla ya kuibandika. Inashika vizuri zaidi."

"Rafiki yako ana akili. Na kama mfuko unajaa upepo pale kanisani, watu wamenyamaza?"

"Rafiki yangu huwa hagusi maharage siku ya Alhamisi, ili Ijumaa apite salama."

"Ijumaa?"

"Ni Mwislamu, huyo rafiki yangu."

Akafikiri. "Basi dada yangu ataacha maharage Jumamosi," akasema, akafunga mkoba wake kwa heshima zote.

Nawaambia ukweli, yalikuwa mazungumzo matamu kuliko yote niliyokuwa nayo katika mji huu. Tulikuwa watu wawili wazima, tumesimama katikati ya makatoni, tunaulizana habari za watu wasiokuwapo. Dada alikuwa amejifunza kulala ubavu. Rafiki alikuwa ameogopa kwenda harusini. Dada alilia siku moja akiwa anaoga. Rafiki naye, nikamwambia, siku za mwanzo alikuwa halii ila alikuwa anakaa ndani ya gari akiwa ameshaegesha, hashuki. Mama Furaha alinitazama siku hiyo kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akasema, "Mpe salamu za dada yangu."

Halafu mifuko ya aina yake ikaisha.

Hili mnapaswa kulijua, maana nyinyi mnafikiri kazi yetu ni kutoa. Kazi yetu ni kugawa vilivyobaki, na aliyevibakiza hakubakiza kwa kipimo cha mtu yeyote. Ile mifuko ilitoka kwenye nyumba moja tu ya marehemu. Ilipokwisha, imekwisha. Nilipiga simu kila mahali. Tulikuwa na mingine, ya aina ngumu, ambayo kwa tumbo lenye mikunjo haikai. Sista Nomsa akasema tumpe hiyo wakati tunatafuta, kuliko kumpa mikono mitupu.

"Rafiki yangu hajawahi kuitumia hii," nilimwambia Mama Furaha.

"Dada yangu atajaribu," akasema. Hata safari ile alishukuru. Nilimsindikiza mpaka getini, na wakati anashuka kilima sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimempa kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekivaa hata kwenda dukani.

Hakurudi. Nikasubiri, nikajipa sababu. Mwishowe nikaenda sokoni nikakuta meza yake imefunikwa turubai. Msusi aliyekuwa anakaa jirani naye, Mkongo mwenzake, akaacha kusuka akaniambia kwa sauti ya chini. Mama Furaha alikuwa anatoka mjini na teksi, hizi za abiria wengi, imejaa. Kitu chake kikabanduka. Abiria wakaanza kufungua madirisha, mmoja akauliza nani amekanyaga nini, mwingine akaonyesha kidole. Dereva akasimama kwenye roboti, taa za barabarani bado za kijani, magari yanapiga honi nyuma, akamwambia mama shuka. Akashuka mbele za watu, gauni limelowa. Kijana mmoja akatoa simu akampiga picha kupitia dirishani. Akatembea mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo hajatoka.

"Ni ugonjwa gani ule, Papa?" msusi akaniuliza. "Wewe mtu wa madawa unajua?"

Nikasema sijui.

Wiki ileile nilitumwa Sandton kuchukua vitu kwenye nyumba ya msiba. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, amevaa suti ya kazini, anafanya kazi benki. Alizungumza Kiingereza mpaka aliposikia lafudhi yangu.

"Mzee, wewe ni wa wapi? Tanga? Ai, mimi ni wa Nakuru!" Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia. Akaniongoza kwenye chumba cha wageni. Baba yake alikuja kutibiwa, akaishi naye pale mpaka alipofariki. Akafungua kabati. Ilikuwa ile mifuko. Aina ya Mama Furaha, maboksi yamejipanga, hayajaguswa.

Nilisoma lebo ya boksi la kwanza, nikaisoma tena.

"Naomba hii maneno ibaki hapa tu," yule mwanamke akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na hakutaka kuingia. "Huko nyumbani niliwaambia ni pressure. Hata ndugu zangu hawajui. Baba hakutaka. Alikuwa mwalimu mkuu, Mzee. Alikuwa anavaa tai hata kwa chai ya asubuhi."

Nikamwambia haitatoka kwangu. Akanisaidia kubeba, naye ameyafunika yale maboksi kwa shuka, tukapita kwenye uwanja wao wenye mlinzi na maua kama watu wanaoiba. Nikaendesha nikiwaza kwamba nyumba ile ina lifti na ina kapeti za kuzamisha mguu, na aibu imeingia humo na kukaa kama ilivyokaa kwangu.

Sikupitia stoo. Nikaenda moja kwa moja Yeoville.

Jengo la Mama Furaha lina korido ndefu, milango pande zote, kila mlango familia. Ilikuwa saa za kupika. Wanawake wawili walikuwa wanachambua sombe, yaani kisamvu, kwenye beseni, mwingine anakaanga samaki kwenye jiko la umeme lililovutiwa waya kutoka ndani. Walinionyesha mlango kwa kidevu. Nikabisha, boksi mkononi.

"Nani?"

"Rajabu, Mama Furaha. Wa stoo."

Kisha sauti ikaja kutoka karibu sana, kama amesimama na uso wake kwenye mbao.

"Dada yangu alirudi Bukavu, Papa. Hana lazima ya mifuko tena. Mpe mwingine."

"Nimepata ile ya mwanzo. Ile nzuri."

"Alirudi, nakwambia."

Nikasogea mlangoni nikapunguza sauti. "Mama Furaha, rafiki yangu naye yaliwahi kumkuta. Kwenye harusi ya watu. Alikuwa..."

"Papa Rajabu, nakuomba. Acha rafiki yako. Rafiki yako ni mwanaume, ana gari, anaenda fasi anataka, pahali popote. Hajui kitu."

Wale wanawake walikuwa wameacha kuchambua. Kwenye korido ile kila mtu anaelewa Kiswahili. Kama ingekuwa Kiingereza pengine ningepona. Nikatazama boksi. Nikafikiria kuliacha chini na kuondoka. Lingechukuliwa na watoto, lingefanywa mpira, na yeye angebaki mle ndani na vitambaa vyake. Sikuwa na ujasiri wowote, msije mkaniandika hivyo.

"Sina rafiki, Mama," nikasema. "Hakuna rafiki. Ni mimi. Ninao hapa tumboni, hata sasa hivi ninapozungumza."

Samaki walikuwa wanakaangika. Na hapo, kwa kuwa kile kitundu hakina adabu wala hakijui wakati, kikatoa sauti. Si ndogo. Ilikuwa sauti ndefu yenye kona, ikaanzia chini ikamalizikia juu kama swali, na korido nzima ikaisikia. Nikaweka mkono tumboni, na mkono wenyewe ukazidi kuonyesha wapi ilikotokea.

Nyuma ya mlango mtu akacheka. Alijaribu kujizuia, nikasikia anajizuia, akashindwa. Kilikuwa kicheko cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu, kinakwaruza. Kisha komeo likavutwa.

"Ingia, Papa," akasema. "Ingia upesi, watu wanatuangalia."

Mmoja wa wale wa sombe akasema polepole, "Pole, Papa," akavuta beseni ili nipite. Afadhali angenitukana. Huruma yake ilinifuata mpaka ndani.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi mno, kinanuka dawa ya kufanyia usafi. Kwenye kamba kulikuwa na vipande vya kitenge vilivyofuliwa, na pembeni mifuko ya nailoni ya mkate imekunjwa vizuri. Niliona, naye akaona kwamba nimeona.

"Usiangalie," akasema.

Nikageuka ukutani. Nikabaki hivyo. Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi siku ile: yeye nyuma yangu, mimi nimeelekea ukuta wenye kalenda ya kanisa, namwambia hatua kwa hatua. Pangusa. Kausha, usisugue. Subiri ngozi ipumue. Sasa shika sahani kati ya viganja, iache ipate joto lako. Anza kubandika chini, panda juu. Bonyeza, hesabu taratibu. Nikasikia mfuko unaingia kwenye sahani, kile kimlio kidogo cha kufunga.

"Tayari," akasema. Kisha akaongeza, "Umeshika kweli?"

"Umesikia ulivyolia? Ukilia hivyo umeshika."

Tulikaa. Akanipa chai. Hakusema neno lolote kuhusu dada yake, na mimi sikumuuliza. Alichoniuliza ni kama huwa ninavaa mkanda juu au chini ya mfuko, nikamwambia chini, akasema ndiyo maana suruali yangu inakaa vibaya, amekuwa akiiangalia siku zote na kushangaa ni fundi gani aliyenifanyia vile.

Alirudi sokoni baada ya muda, si mara moja. Baadaye Sista Nomsa akamwomba awe anakuja stoo siku za wanawake, na vile vifuniko vya kitenge vya kuvisha mifuko mnavyoviona kwenye ndoo ni kazi ya mikono yake. Ndiye aliyesema kila mgonjwa aulizwe kwanza anavaa nini, anakaa na nani, anasafiri kwa nini, ndipo mkono uende kwenye boksi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ile miaka nikiuliza kipimo tu.

Lakini nimewaahidi ukweli. Maneno niliyoyasema koridoni hayakubaki koridoni. Yalishuka ngazi yakaenda sokoni, yakavuka barabara yakafika kwa Watanzania wenzangu. Watu walinipa pole nikiwa nanunua nyanya. Jamaa mmoja ambaye tulizoea kula sahani moja akaanza kuchukua sahani yake. Aibu haikuniisha kwa kuwa nimesema. Ilipata tu mahali pengi zaidi pa kunisubiri.

Na habari ikafika nyumbani. Nina binti mmoja, Zaituni. Mama yake alitutangulia mbele ya haki Zaituni akiwa bado mdogo, nikamlea mwenyewe. Amezaliwa huku, Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu anajibu kwa Kizulu. Wakati ule alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anafanya kazi saluni. Nilipotoka hospitali zamani zile nilimwambia nimefanyiwa upasuaji wa ngiri, na tangu hapo sikumwambia kingine. Mifuko yangu niliiweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Nguo zangu nilifua mwenyewe.

Siku ilipomfikia nilimkuta sebuleni amekaa, hajavua hata viatu vya kazini.

"Ngiri, Baba?" akasema. Kwa Kiswahili.

Nikaanza kusema kitu, sikumbuki nini. Akanikatiza, sasa kwa Kizulu, haraka, macho yake yakiwa kwenye mikono yake. Akasema nilikuwa nafunga mlango wa bafu kwa ufunguo kila siku. Sikuwahi kumruhusu afue shati langu. Shule walipoita wazazi sikwenda. Alipohitimu chuo nilisimama nje ya geti. Aliponiomba twende Durban wote kuiona bahari nilisema gari bovu.

"Nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani unaona aibu kuonekana na mimi. Kwa sababu siongei kama nyinyi. Kwa sababu nimekuwa mtu wa huku."

Vijana, nimeona aibu mara nyingi, na nyingi nimewasimulia hapa. Hakuna iliyofanana na ile. Nilimwambia hapana. Nilisema hapana mara nyingi. Aliinuka akaenda bafuni, nikasikia vitu vinagongana kwa muda, kisha akapita akaingia chumbani kwake bila kunitazama.

Nilipokwenda kunawa nilikuta kabati dogo la juu ya sinki liko wazi. Mafuta yake ya nywele, losheni zake, makopo yote aliyokuwa ameyajaza humo tangu msichana, yalikuwa chini sakafuni kwenye beseni. Kabati lilikuwa tupu na limepanguswa, bado lina maji.

Kisha nikaenda chumbani, nikapiga magoti, nikavuta sanduku. Niliyapanga maboksi yangu kwenye lile kabati la bafuni moja baada ya jingine, na nilipovua shati kuubadilisha mfuko, mlango sikuufunga.